UZI: M3 mpya ya petroli itakuja na farasi wangapi? Tupige hesabu, tuache chai

Fundi_Hesabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki nzima kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanatupiana namba za BMW M3 (ile sedani yao kali) inayokuja kama wako kwenye mnada wa mitumba. Mmoja 600, mwingine 650, na kuna jamaa kaapa kabisa kwamba itavuka 700 "kwa sababu ndugu yake mkubwa, M5, ina 727". Nikaona hii tuilete jukwaani, kila mtu aje na karatasi yake.

Tuelewane kwanza ni gari gani, maana zipo mbili. BMW wameshatangaza kwamba kuanzia 2027 kutakuwa na gari la M (kitengo chao cha magari makali) la umeme tupu la ukubwa huo, mota nne, kila gurudumu na yake, betri inayozidi kWh 100. Hiyo ina uzi wake. Mimi naongelea ndugu yake wa petroli. Bosi wa kitengo cha M, Frank van Meel, kila akiulizwa anajibu lile lile: silinda sita kwenye mstari mmoja zinabaki, nne hazitawekwa. Kwa hiyo injini tunaijua ukoo wake. Ni S58, ile ile iliyomo kwenye M3 ya sasa, ikiwa imeboreshwa.

S58 ni cc 2,993, turbo mbili. Kwenye M3 ya sasa ilianza na 480 kwa giaboksi ya mkono, Competition (toleo kali zaidi) 510. Mwaka 2024 Competition ya kuvuta magurudumu manne ikapandishwa hadi 530. CS, toleo maalumu, ikapewa 550. Chuma ni kile kile, kilichobadilika ni programu na presha ya turbo. Kwa hiyo ukiniuliza injini inaweza kutoa ngapi, hilo si swali. Mafundi wa nje wanaitoa 700 na ushee bila kufungua bloku. Swali ni kiwanda kitairuhusu itoe ngapi.

Sasa hesabu. Chukua nguvu ya kuzungusha krenki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa 7,024. Unapata farasi wa Kijerumani (PS).

Competition ya 510 inashika Nm 650 mpaka mzunguko wa 5,500.
650 x 5,500 = 3,575,000. Gawa kwa 7,024 = 509.

Mmeona hapo? Farasi wote wa kwenye karatasi wameshafika 5,500, na bado kuna mizunguko zaidi ya 1,500 mbele. Baada ya hapo kompyuta inaanza kuminya Nm kidogo kidogo ili namba isipite ile iliyotangazwa. Wakiiacha ishike 650 ile ile hadi 6,250, inatoka 578. Hakuna pistoni mpya wala turbo kubwa.

Ushahidi mwingine ni 3.0 CSL, zile 50 tu walizotengeneza, giaboksi ya mkono. Ilitangazwa 560 PS na Nm 550. Rudisha hesabu kinyumenyume: ili Nm 550 zizae farasi 560 lazima uzishike mpaka kwenye 7,150 hivi. Kwa hiyo S58 inapumua vizuri huko juu, hilo limeshathibitishwa na wenyewe.

Dau langu kwa Competition ni kati ya 550 na 580. Mwenye 650 aje na hesabu, asije na picha ya TikTok.

Nawasilisha.

Mzee_wa_Crown

Mkuu umeshusha nondo lakini mimi nauliza tu. Farasi 580 unawapeleka wapi? Crown yangu Athlete ya 3.5 ina 315 bila turbo yoyote na kati ya Chalinze na Morogoro sijawahi kuwatumia wote. Tochi ya trafiki haiulizi una farasi wangapi.

Njoro_wa_Subie

Mzee wa Crown karibu Nairobi tukupeleke Southern Bypass saa kumi alfajiri, uwatumie wote.

Fundi, mahesabu yako ni safi lakini umeruka kitu. M5 iliyopita ilikuwa 625 ile Competition. Ya sasa ni 727. Hiyo ni kuruka farasi mia moja kwa kizazi kimoja. Kwa nini M3 ipewe ishirini hadi hamsini tu? Hapo BMW watakuwa wanachekwa na Mercedes, maana sedani yao ya C63 ya haibridi ni 680.

binti_turbo

Kabla hatujapigana, naona watu wawili kwenye lile grupu la WhatsApp wanatukanana, mmoja anasema M3 ya sasa ni 523 na mwenzake anasema 530. Wote wako sahihi jamani. 523 ni hp za Kiingereza, 530 ni PS, na zote ni kW 390. Ukisoma gazeti la Marekani toa asilimia moja na nusu hivi kichwani kabla hujaanza kubisha. Nusu ya ugomvi wa jukwaa hili ungeisha hapo.

La pili, Fundi_Hesabu umesahau sheria. Hesabu yako inadhani kinachoizuia injini ni programu peke yake. Ulaya kuna Euro 7, sheria mpya ya moshi wa magari. Aina mpya za magari zitabanwa kuanzia tarehe 29 Novemba 2026, na magari yote mapya yanayosajiliwa kuanzia 29 Novemba 2027. Kwa injini kama hii kinachouma zaidi ni mchanganyiko wa petroli na hewa.

Nieleze kwa lugha ya jikoni. Mmemwona mama lishe moto wa mkaa ukimzidi? Ananyunyizia maji. Injini za turbo zenye nguvu zimekuwa zikifanya hivyo hivyo kwa miaka, ila badala ya maji zinanyunyiza petroli ya ziada. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inamwaga petroli kuliko hewa inavyohitaji. Ile ziada haiungui, inageuka mvuke na kupoza chumba cha moto, valvu za kutolea moshi, na turbo. Ndiyo maana gari kali ikikanyagwa kwa muda mrefu ncha ya ekzosi inakuwa nyeusi tii.

Euro 7 haitaki mchezo huo. Petroli isizidi kiasi ambacho hewa iliyomo inaweza kuunguza, hata ukiwa umelalia pedali. Sasa niambieni, ukimnyang'anya mama lishe maji yake atafanya nini? Atapunguza mkaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wahandisi wa M ni kulinda 530 zisishuke. Kuongeza ni kazi ya pili.

Njia zipo. Kuna ya chumba kidogo cha kuwashia juu ya pistoni, plagi inawasha mule ndani halafu ndimi za moto zinaruka kwenye silinda kubwa na kuunguza kila kitu kwa haraka. Maserati walishaiweka kwenye V6 yao ya lita 3 mwaka 2020, farasi 630. Kwa hiyo inawezekana. Lakini bei ya Maserati mnaijua.

Mimi naweka 530. Ile ile.

Njoro_wa_Subie

Dada, 530 ile ile kwenye gari mpya? Nani atanunua?

binti_turbo

Watanunua wale wale, kaka. Na wataweka betri ndogo ya volti 48 ili iwe haibridi nyepesi. Kwenye BMW za silinda sita ilivyoanza, mota yake ilikuwa ya farasi 11. Kumi na moja! Hiyo haiongezi namba kubwa ya juu, inakusaidia pale turbo bado zinavuta pumzi. Utaihisi ukitoka kwenye mataa, kwenye karatasi huioni.

Fundi_Hesabu

Dada nimekubali, hoja ya mkaa sikuwa nimeiweka. Nashusha dau kidogo, nitarudi kwalo.

Njoro, kuhusu M5. Hiyo namba inachanganya watu wengi na mimi nitaipinga kwa mizani tu. Ilipotoka mwaka 2024, V8 yake ilitoa 585. Mota ya umeme 197. Jumlisha: 782. Lakini wao wametangaza 727. Zile 55 zimeenda wapi? Hazijaenda popote. V8 na mota hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, na kiwanda kinaweka kikomo cha mfumo mzima. Kwa hiyo hata wale wanaojumlisha "530 za M3 ongeza mota ya 197 ni 727" wajue BMW wenyewe hawajumlishi hivyo.

Halafu uzito. M5 ya sasa ina kilo 2,435 bila dereva. M3 Competition ya magurudumu manne ina kama 1,780. Gawanya.

M5: 2,435 / 727 = kilo 3.35 kwa kila farasi
M3: 1,780 / 530 = kilo 3.36 kwa kila farasi

Nimerudia mara mbili nikidhani simu imenidanganya. Farasi 197 wa ziada wamebebeshwa kilo 655, mizigo ikalingana kabisa. Na kwenye 0 hadi 100 M5 mpya inachukua sekunde 3.5, wakati ile ya nyuma yake, Competition ya 625, ilikuwa 3.3. Umeongeza farasi mia, umechelewa sekunde 0.2. Ndiyo maana nasema ukisikia namba, uliza na kilo.

Kitonga_Express

Naomba niingilie hapo kwenye "mafundi wanaitoa 700 bila kufungua bloku", vijana wasije wakasoma nusu.

Mimi nilikuwa na gari ya turbo, jina silitaji. Fundi wa gereji moja hapa mjini akanishawishi, laptop, waya, dakika arobaini, "bosi umepata farasi sitini". Kweli gari ilivuta. Nilitamba nayo miezi miwili. Safari ya Iringa, napanda Kitonga, nimekaa nyuma ya semi tatu, nikapata nafasi nikakanyaga gia ya pili kupita. Nikasikia tik tik tik tik, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikadhani ni kokoto. Halafu moshi wa bluu, kioo cha nyuma kikawa hakionyeshi semi wala mlima. Pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka pembeni kama biskuti. Fundi alinionyesha kwenye kiganja, kakipande kadogo kama ukucha.

Baadaye fundi mwingine akaniambia ile programu iliandikwa kwa mafuta ya oktani 98. Mimi nilikuwa najaza chochote nilichokuta njiani. Simu ya yule wa kwanza mpaka leo inaita tu.

Kiwanda kikisema 530 kinamaanisha 530 kwenye joto, kwenye mlima, kwa miaka kumi, na dereva asiyejua kitu. Laptop ya dakika arobaini haikupi hivyo.

Zenji_Muscat

Asalaam alaykum jamani. Mie nipo huku Muscat, nawasoma tu toka juzi.

Kaka wa Kitonga pole sana. Sisi huku kwenye pampu unachagua, 91, 95 au 98, kwa hiyo hilo la mafuta hatuna shida nalo. Shida yetu jua. Mtoto wa shangazi yangu anayo M3 hii ya sasa. Usiku wa Januari ukikaa naye unajishika mlango. Mchukue mwezi wa Julai saa tisa alasiri, joto 45, keshapigwa foleni nusu saa, akikanyaga unasema hii ndo ile ile? Hewa ya moto imebeba oksijeni kidogo, intakula (kile kipoza hewa ya turbo) haipoi tena, kompyuta inarudisha cheche nyuma kuogopa kugonga. Farasi wanakwenda wapi mie sijui, lakini 530 hawapo.

Kwa hiyo mie nataka wasiongeze kitu, waweke rejeta kubwa tu. Ila dau langu naweka 575, kwa sababu dada umesema lakini BMW hawawezi kutoa gari mpya yenye namba ya zamani. Wauzaji wao hawatakubali, wataleta vita.

Njoro_wa_Subie

Muscat joto, Nairobi mwinuko. Huku tuko mita 1,800 hivi, presha ya hewa imepungua karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hicho hicho. Ndo maana huku sote ni turbo, buda. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia. Mzee wa Crown, zile 315 zako zikifika Limuru ni kama 250. Usilie.

Mzee_wa_Crown

Kijana, 250 zangu zinafika Limuru zikiwa na kiyoyozi na watu watano wamelala.

Lakini kwa kuwa mmenichokoza, nawakumbusha historia. Mnazungumzia namba za kwenye karatasi kama Msahafu. Japani miaka mingi watengenezaji wote walikubaliana gari isitangazwe zaidi ya farasi 280. Supra 280. Skyline GT-R 280. Chaser ya 1JZ 280. Zote 280, kama sare za shule! Na kila aliyeendesha GT-R R34 alijua pale ndani kuna zaidi. Mpaka mwaka 2004 Honda akatoa Legend ya 300 ndipo makubaliano yakavunjika.

Namba ya farasi ni siasa. Zamani walificha ili serikali isiwaone. Sasa wanaficha ili M5 isione wivu.

binti_turbo

Hiyo ya mwisho naiiba. Na ni kweli hata kwa S58. Watu wengi walioipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu wamekuta magurudumuni inatoa karibu namba ile ile ambayo BMW wanaitangaza kwenye krenki, wakati ulitegemea njiani ipotee asilimia kumi hivi au zaidi kwenye giaboksi na difu.

Mdau_Ujerumani

Nipo huku Bavaria, kazi yangu haihusiani na magari, msinitumie PM za kuagizia vipuri.

Hiyo C63 aliyoitaja Njoro mngeiona huku ndipo mngejua kwa nini M3 haitafuata njia hiyo. Ya zamani ilikuwa V8 lita 4, C63 S farasi 510. Ikifungwa mlango jirani wanajua. Wakaitoa, wakaweka silinda nne lita 2 yenye 476 peke yake, maajabu ya uhandisi kusema kweli, wakaongeza mota ya nyuma ya 204, jumla 680. Kilo 2,111. Umeme wake unakupeleka kilomita 13 tu. Kwenye karatasi imemzika M3. Wateja wakaiangalia, wakaangalia bei, wengi wakarudi kulala.

BMW wameliona hilo mchana kweupe. Kwa hiyo sidhani kuna mtu Munich anakosa usingizi kwa sababu ya ile 680.

Kitu kingine: kiwanda cha Munich, ambako M3 hii ya sasa inaundwa, mwishoni mwa 2027 kinabaki na magari ya umeme tu. Wamelitangaza tangu 2024. Ya petroli italazimika kuzaliwa kiwanda kingine.

Njoro_wa_Subie

Sawa, silinda nne nimekubali ilikuwa makosa. Lakini hamjanijibu kuhusu ndugu yake wa umeme. Hyundai Ioniq 6 N, sedani, 650. Xiaomi SU7 Ultra, 1,548! Imezunguka njia ya mashindano ya Nürburgring kule Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 4.957. Simu! Kampuni ya simu! M3 ya umeme ikija na 700 mtasema nini? Halafu ya petroli ikae pembeni na 550 kwenye showroom moja?

Fundi_Hesabu

Hapo ndipo hoja yako inapogeuka kunisaidia mimi. Umeme umeharibu soko la namba. Mtu anayetaka namba kubwa sasa anainunua kwa bei ya chini kuliko M3. Kwa hiyo anayebaki kwenye petroli hajaja kwa ajili ya namba. Kaja kwa ajili ya sauti ya silinda sita na sindano ya mizunguko inayopanda hadi 7,200. Ukiwa BMW utajichosha kutafuta 650 za nini, wakati ya umeme itachukua kiti hicho?

Mnakumbuka M3 ya zamani, E46? Lita 3.2, hakuna turbo, 343. Iliyofuata, V8 ya lita 4, 420 zilizofika kwenye mzunguko 8,300. Namba hizo leo gari ya familia inazipita. Lakini ingia sokoni utafute E46 safi ya giaboksi ya mkono uone wanakuambia bei gani.

Basi nafunga hesabu zangu. Dari la chuma 578, toa makali ya Euro 7 ya dada, ongeza presha ya wauzaji ya Zenji. Competition: 560. CS itakayofuata baadaye nayo itapewa nyongeza yake kama kawaida yao.

Tuandikishe madau:

Fundi_Hesabu 560
binti_turbo 530
Zenji_Muscat 575
Njoro 600?
Mdau_Ujerumani?
Mzee wa Crown?

Njoro_wa_Subie

600. Sishuki.

Mdau_Ujerumani

550. Na hapa nalipa kodi ya barabara, nipunguzieni.

Kitonga_Express

Mimi naweka 540, na yeyote atakayeigusa kwa laptop anitafute kwanza nimwonyeshe kipande cha pistoni, bado ninacho kwenye droo.

Mzee_wa_Crown

510. Watarudi nyuma, mtaniambia. Na aliyekosea sana awanunulie wengine supu ya pweza.

Zenji_Muscat

Mzee supu ya pweza njoo Forodhani, nikija likizo nalipa mie hata nikishinda.

binti_turbo

Nimepiga picha ukurasa mzima. Mzee wa Crown umeandika 510, usije ukahariri.

Mzee_wa_Crown

Sihariri. Ila pweza asiwe wa jana.